Bia Katika Viwanja vya Vyuo Vikuu vya Marekani

Pombe katika viwanja vya michezo vya vyuo vikuu vya Marekani ndiyo mada ya mazungumzo ya leo. Mada hii ina pande mbili, na ni vizuri zitenganishwe tangu mwanzo. Upande wa kwanza ni uuzaji: nani anauza, anamuuzia nani, na kwa masharti gani. Upande wa pili ni matangazo: jina la bia kwenye ubao wa matokeo, kwenye televisheni mchezo unaposimama, na hata kwenye kopo lililopakwa rangi za timu ya chuo. Wengi wakilijadili suala hili huishia kwenye uuzaji tu. Mazungumzo haya yataanza na uuzaji na kufika mpaka kwenye matangazo, kwa sababu matangazo ndiyo yanayomfikia kijana ambaye kaunta ya bia imemkataa.

Kwanza, mazingira yenyewe. Katika nchi nyingi mechi ya chuo ni jambo la wanafunzi wenyewe na marafiki zao. Marekani sivyo. Huko futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira mrefu uliochongoka ncha mbili na wachezaji wenye kofia ngumu, hujaza viwanja vya vyuo kila Jumamosi ya msimu wa vuli. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, huchukua zaidi ya watu 107,000, na viko vingine kadhaa vinavyopita 100,000. Wanaoingia ni wanafunzi, wazazi, wahitimu wa miaka mingi iliyopita, wenyeji wa mji na watoto wao. Familia nzima huvaa rangi moja. Mechi huchukua zaidi ya saa tatu, na sherehe zake huanza asubuhi.

Sasa, katika umati huo, nani anaruhusiwa kununua bia? Hapa ndipo ugumu unapoanzia. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyotiwa saini na Rais Ronald Reagan: jimbo litakaloruhusu mtu wa chini ya miaka 21 kununua pombe lingekatwa sehemu ya fedha zake za barabara. Hadi mwaka 1988 majimbo yote yalikuwa yamekubali. Kwa hiyo umri wa kununua pombe Marekani ni miaka 21, nchi nzima. Mwanafunzi wa kawaida huingia chuoni akiwa na miaka 18. Maana yake karibu wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza na wa pili, na wengi wa mwaka wa tatu, hawaruhusiwi kununua hata kikombe kimoja. Hao ndio wanaojaza jukwaa la wanafunzi, lile lenye kelele kuliko yote.

Kwa kijana anayetoka Nairobi au Dar es Salaam kwenda kusoma huko, jambo hili lina uzito wake. Nyumbani sheria inamruhusu kununua bia akiwa na miaka 18. Akifika Marekani na miaka yake 19, mbele ya sheria ya pombe yeye bado ni mtoto. Na kwa mwanafunzi wa kigeni, kukamatwa akiendesha gari amelewa kunaweza kumfutia viza. Mzazi anayemwandalia mwanawe safari afadhali amweleze hilo mapema.

Basi hayo ndiyo mazingira: umati mkubwa, siku ndefu, na vijana wengi walio chini ya umri. Swali linalofuata ni hili: viwanja hivyo vilikuwa na bia tangu zamani?

Kwa muda mrefu, vingi havikuwa nayo. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kinachojulikana kwa herufi zake NCAA, kilipiga marufuku uuzaji wa pombe kwa watazamaji katika mashindano yake ya ubingwa. Mechi za kawaida za msimu kiliviachia vyuo na jumuiya za ligi zao. Jumuiya ya SEC, yenye vyuo vya majimbo ya kusini mashariki kama Alabama, Georgia, Tennessee na Louisiana, ilikataza bia katika viti vya kawaida. Lakini hata katika marufuku hiyo ulikuwapo mlango mdogo. Katika vyumba vya kifahari vya juu, vile vyenye vioo, mazulia na viti vya ngozi, wafadhili na wageni maalumu waliruhusiwa kunywa. Mwenye tiketi ya bei ndogo alinyimwa. Mwenye chumba chake alihudumiwa. Tofauti hiyo ilikuja kuwa hoja kubwa ya waliotaka milango ifunguliwe kwa wote.

Vyuo vichache vilikuwa na bia hata wakati huo, na kimoja kilibadili njia kwa kuiacha. Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, kilikuwa kikiuza bia katika uwanja wake wa Folsom Field. Mwaka 1996 kikaacha. Watafiti walilinganisha misimu ya kabla na ya baada, na mwaka 2001 wakachapisha matokeo: watu waliokamatwa, waliotolewa uwanjani na wanafunzi waliopelekwa mbele ya kamati ya nidhamu walipungua sana. Mfano wa Colorado ni muhimu, na wasikilizaji waukumbuke, maana utarudi mbele kidogo.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha West Virginia, chini ya mkurugenzi wake wa michezo Oliver Luck, kiliamua kuuza bia kwa watazamaji wote. Hoja yake ilikuwa ya kiusalama. Hadi wakati huo mashabiki waliruhusiwa kutoka uwanjani wakati wa mapumziko, kwenda kwenye magari yao na kurudi. Na huko kwenye magari walifanya nini? Walikunywa, tena kwa haraka, mara nyingi pombe kali, wakijua kwamba wakirudi ndani hawatapata kitu. Chuo kikafanya mambo mawili kwa pamoja: kilifungua vibanda vya bia, na kilifuta ruhusa ya kutoka na kurudi. Baada ya msimu wa kwanza kilitangaza kwamba kazi za polisi zinazohusu ulevi siku za mechi zilipungua.

Habari hiyo ilienea haraka, na vyuo vingine vikafuata. Chuo Kikuu cha Minnesota kilianza mwaka 2012, Texas 2015, Ohio State 2016. Mwaka huo huo wa 2016 NCAA yenyewe ilijaribu kuuza bia katika fainali za besiboli mjini Omaha na za softiboli ya wanawake mjini Oklahoma City, na mwaka 2018 ikaruhusu jambo hilo katika mashindano yake yote ya ubingwa. Mwishoni mwa Mei 2019 SEC ikaondoa marufuku yake, kila chuo kikaachiwa kuamua. Michigan ilichelewa, kwa sababu sheria ya jimbo ilizuia. Gavana Gretchen Whitmer alitia saini mabadiliko mwaka 2023, na uwanja ule wa watu 107,000 ukaanza kuuza mwaka 2024. Vipo vilivyobaki pale pale. Chuo Kikuu cha Brigham Young, cha jimbo la Utah, ni mali ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo haliruhusu waumini wake kunywa pombe, na uwanja wake hauna bia.

Kwa nini mabadiliko yalikuja kwa kasi hivyo? Usalama ulitajwa kwanza, na kweli ulikuwa sababu. Lakini haukuwa usalama peke yake. Televisheni za nyumbani zimekuwa kubwa na picha zimekuwa safi. Shabiki anaweza kuitazama mechi kwenye kochi lake, friji ikiwa hatua tatu tu, bila foleni wala gharama ya kuegesha gari. Vyuo vilianza kuona viti vitupu, na bia ikawa njia mojawapo ya kumrudisha shabiki jukwaani. Halafu ipo fedha, ambayo haja yake imezidi kukua hata baada ya mabadiliko hayo. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Idara za michezo zinatafuta fedha kila zinapoweza kuzipata, na kikombe cha bia ni mahali pamojawapo.

Hapo ndipo penye swali la pili: bia hiyo inauzwaje? Jambo hili linahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu watetezi wa uuzaji husema kila mara kwamba biashara hii ina udhibiti. Udhibiti wenyewe ni upi?

Mfano mzuri ni masharti ya SEC kama yalivyotolewa mwaka 2019. Kinachoruhusiwa viti vya kawaida ni bia na mvinyo tu. Pombe kali hapana. Vinywaji huuzwa kwenye vibanda vya kudumu. Wachuuzi wa kupita jukwaani na ndoo ya barafu hawaruhusiwi. Kitambulisho hukaguliwa kila mara, kwa kila mnunuzi. Idadi ya vinywaji kwa ununuzi mmoja ina kikomo. Wahudumu wanapewa mafunzo. Na katika futiboli, mauzo yanafungwa robo ya tatu ya mchezo inapokwisha.

Mbele ya kibanda mambo huwa hivi. Mnunuzi anafika kaunta na kutoa leseni yake ya udereva. Mhudumu hatakiwi kupima umri kwa ndevu au kwa urefu. Anatakiwa kusoma tarehe ya kuzaliwa. Katika majimbo mengi leseni ya mtu wa chini ya miaka 21 imechapishwa wima, na ya mtu mzima imechapishwa kwa kulala, ili mhudumu aitambue kwa kutupa jicho tu hata foleni ikiwa ndefu. Tarehe ikikubalika, kinywaji kinamiminwa kwenye kikombe, maana masharti hayo ya 2019 hayakuruhusu kopo kwenda jukwaani. Kikombe cha plastiki kikirushwa hakimpasui mtu kichwa. Kopo lililojaa linaweza kuwa silaha.

Kila sharti kati ya hayo lina sababu yake. Kwa nini wachuuzi wa jukwaani wanakatazwa? Jibu lilipatikana katika viwanja vya timu za kulipwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walituma watu wa kujaribu kununua. Kundi moja lilikuwa la watu wazima wenye sura za kitoto, wasio na kitambulisho. Kundi la pili lilikuwa la watu waliojifanya wamelewa chakari. Wenye sura za kitoto waliuziwa karibu mara moja kati ya majaribio matano. Waliojifanya walevi waliuziwa karibu mara tatu kati ya nne. Na wachuuzi wa jukwaani walikuwa wepesi zaidi wa kuuza kinyume cha sheria kuliko wahudumu wa kaunta. Ni rahisi kuelewa kwa nini: mchuuzi amesimama kwenye ngazi, mashabiki wanapiga kelele, noti zinapita mkono kwa mkono kwenye viti kumi, na kikombe kinarudi kwa njia ile ile. Hajui kitaishia kwa nani.

Lakini utafiti huo unafundisha jambo kubwa zaidi, na linafaa kurudiwa: sharti gumu zaidi kulitimiza ni lile la kumkataa mlevi. Kitambulisho kina tarehe, na tarehe haibishaniwi. Ulevi hauna tarehe. Mhudumu anapaswa kuamua kwa kuangalia macho, kusikiliza maneno na kuona mwendo, tena kwa sekunde chache, huku mteja mwenyewe akimhimiza na wa nyuma wakinung'unika. Mhudumu wa namna hiyo asipokuwa na msimamizi wa kumwunga mkono, atauza. Basi chuo kinaposema kina masharti, swali la kuuliza ni hili: katika mechi iliyopita, walikataliwa wangapi?

Na kufunga mauzo mwisho wa robo ya tatu kunasaidia nini? Wengi hudhani kwamba muda uliobaki unatosha watu kulevuka kabla ya kushika usukani. Hautoshi. Ini la binadamu husafisha takriban kinywaji kimoja cha kawaida kwa saa moja, yaani bia moja ndogo ya mililita 355. Robo ya nne kwa kawaida humalizika kabla ya saa moja kwisha. Aliyekunywa bia tano mchana huo ataondoka uwanjani baadhi zikiwa bado mwilini. Kufunga mauzo kunazuia kuongezwa kwa ulevi dakika za mwisho, na hiyo ni faida. Hakuondoi ulevi uliokwishaingia. Kahawa nayo haiuondoi, wala maji baridi.

Sasa ule mfano wa Colorado unarudi. Colorado iliacha kuuza, fujo zikapungua. West Virginia ilianza kuuza, na chuo kikasema fujo zimepungua. Inawezekanaje mambo yote mawili yakawa kweli?

Jibu liko nje ya geti. Ili kulielewa, lazima kuifahamu desturi moja ya mashabiki wa Marekani: sherehe za maegeshoni. Saa nyingi kabla ya mechi, magari hupangwa kwenye viwanja vya kuegeshea. Milango ya nyuma hufunguliwa, majiko ya mkaa na ya gesi huwashwa, nyama huchomwa, viti vya kukunja hukunjuliwa, na masanduku ya barafu huwekwa katikati. Ni siku ya ndugu na marafiki, na ina uzuri wake. Lakini katika masanduku yale hakuna mhudumu, hakuna kukagua kitambulisho, na hakuna robo ya tatu. Mwaka 2011 watafiti wale wale wa Minnesota walichapisha matokeo ya kupima pumzi za watu waliokuwa wakitoka kwenye mechi za timu za kulipwa. Takriban mtu mmoja kati ya kumi na wawili alikuwa amepita kiwango cha ulevi kinachokatazwa kwa dereva. Walioshiriki sherehe za maegeshoni ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi, tena kwa mbali.

Kwa hiyo ulevi wa siku ya mechi una milango miwili: ule wa maegeshoni na ule wa kaunta ya ndani. Colorado ilifunga mlango wa ndani. West Virginia ilifungua mlango wa ndani, lakini wakati huo huo ikafunga ule wa kutoka na kurudi maegeshoni. Hatua mbili zilizochukuliwa pamoja hazionyeshi ni ipi iliyoleta nafuu. Chuo kinachoiga kuuza bia na kuacha kuiga kufungwa kwa geti, kimechukua nusu ya dawa yenye faida ya fedha na kuiacha nusu nyingine. Hilo ndilo kosa la kuepukwa, na ndilo jambo ambalo bodi za vyuo zinapaswa kuulizwa kabla hazijapiga kura.

Madhara yenyewe hayaishii kwenye kelele na matapishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na wanauchumi watatu ulichunguza ripoti za polisi katika miji yenye vyuo vyenye timu kubwa za futiboli. Siku za mechi, ripoti za ubakaji wa wanawake wa umri wa miaka 17 hadi 24 ziliongezeka kwa asilimia 28. Wachunguzi walihusisha ongezeko hilo na sherehe na unywaji unaoambatana na mechi. Pombe haimwondolei mhalifu hatia yake hata kidogo. Lakini chuo kinachojua kwamba siku fulani ni ya hatari kwa binti zake kina wajibu wa kuipanga siku hiyo kwa uangalifu: taa, walinzi, usafiri wa usiku, na watu wa kusaidia. Mzazi amekikabidhi chuo mwanawe. Huo ni wajibu mzito kuliko mapato ya vibanda.

Na mapato yenyewe ni makubwa kiasi gani? Hutofautiana. Ohio State, katika msimu wake wa kwanza wa kuuza uwanja mzima, ilipata zaidi ya dola milioni moja, na sehemu ya fedha hizo ikaelekezwa kwenye kuajiri polisi zaidi wa chuo. Minnesota katika msimu wake wa kwanza iliuza vinywaji vya zaidi ya dola 900,000, lakini baada ya kulipia vifaa, wahudumu na ulinzi ikabaki na hasara ya takriban dola 16,000. Funzo ni rahisi: kuuza bia vizuri kuna gharama. Chuo kinachopata faida nono kwa haraka kikaguliwe kama kimeweka walinzi wa kutosha.

Huo ndio upande wa uuzaji. Sasa mazungumzo yanageukia upande wa pili, upande wa matangazo, ambao husahauliwa.

Uuzaji, pamoja na kasoro zake zote, una mipaka. Una kaunta, una kitambulisho, una saa ya kufunga. Tangazo lina nini? Jina la bia likiwaka kwenye ubao mkubwa, linamwakia mzee wa miaka 60 na mtoto wa miaka 9 aliyebebwa mabegani na baba yake. Hakuna mtu wa kukagua umri wa anayelitazama tangazo. Bomba la bia hufungwa robo ya tatu. Tangazo hubaki hadi filimbi ya mwisho, kisha humfuata kijana nyumbani kwenye simu yake.

NCAA ilijiwekea kanuni juu ya jambo hili. Katika matangazo ya televisheni ya mashindano yake ya ubingwa, vinywaji vilivyoruhusiwa kutangazwa vilikuwa vile visivyozidi asilimia 6 ya kileo, na muda wake haukutakiwa kuzidi sekunde 60 kwa saa. Kanuni hiyo ilikuwa na maana, lakini ilihusu mashindano ya NCAA yenyewe. Mechi za kila Jumamosi, ambazo ndizo nyingi, ziko chini ya mikataba ya jumuiya, vyuo na vituo vya televisheni.

Watengenezaji wa bia nao wamejiwekea kanuni yao wenyewe: wasitangaze mahali ambapo watu wazima ni chini ya asilimia 70 na ushei ya hadhira. Kanuni hiyo husikika vizuri mpaka ipigiwe hesabu. Mechi yenye watazamaji milioni 10 inaweza kuwa na zaidi ya milioni 2 walio chini ya miaka 21, na tangazo likawa bado halijavunja kanuni. Hesabu ya asilimia inalinda hadhira kubwa kwa maneno, na kuwaacha watoto milioni mbili wakitazama.

Kwa nini jambo hili ni zito? Kwa sababu tafiti zilizowafuatilia vijana kwa miaka kadhaa, katika nchi mbalimbali, zimeonyesha kwamba wanaokutana zaidi na matangazo ya pombe huelekea kuanza kunywa mapema na kunywa zaidi. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, na kampuni inayotafuta mteja wa miaka 40 ijayo inamtafuta akiwa bado kijana, mahali anapopapenda. Na ni mahali gani kijana wa Kimarekani anapopapenda kuliko jukwaa la timu ya chuo chake?

Mwaka 2009 jambo hili lilionekana waziwazi. Kampuni ya Anheuser-Busch ilitoa makopo ya Bud Light yaliyopakwa rangi za timu za vyuo, yakasambazwa mwanzoni mwa muhula. Makopo hayakuwa na jina la chuo wala nembo, lakini kila mwanafunzi aliijua rangi ya timu yake. Vyuo kadhaa vililalamika, na Tume ya Biashara ya Marekani nayo ikaonyesha wasiwasi. Kampuni ikakubali kutoyauza mahali ambapo vyuo vimepinga. Miaka michache baadaye mambo yakawa mengine. Chuo Kikuu cha Louisiana cha mjini Lafayette kiliingia mkataba na kiwanda cha bia cha eneo hilo, ikatoka bia yenye jina la timu yake, Ragin' Cajuns. Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina nacho kina bia yake, Old Tuffy, iliyotengenezwa na kampuni ya New Belgium. Kilichopingwa mwaka 2009 kilipofanywa bila idhini, kimegeuka kuwa biashara kinapofanywa kwa idhini na malipo. Lakini kijana anayelitazama kopo haoni mkataba. Anaona rangi ya timu yake juu ya bia, na anaelewa kwamba vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja.

Wapo wanamichezo wakubwa waliolisema hili mapema. Dean Smith, kocha wa mpira wa kikapu aliyeiongoza North Carolina tangu 1961 hadi 1997, alipinga matangazo ya bia katika michezo ya vyuo. Tom Osborne, aliyeifundisha futiboli Nebraska kwa miaka 25 kabla ya kuwa mbunge, aliipeleka hoja hiyo hadi Bungeni. Hao walikuwa watu waliolelewa na mchezo na kuupenda. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: chuo hakiwezi kumwambia kijana darasani kwamba pombe ni hatari kwake, kisha kikamwambia uwanjani kwamba ushindi haukamiliki bila hiyo pombe.

Basi, wasikilizaji, ni vizuri mambo makuu yarudiwe kabla ya kufunga mada. Jambo la kwanza: kuuza bia ndani ya uwanja kunaweza kusimamiwa, lakini masharti ya kwenye karatasi hayamkatai mlevi, anayemkataa ni mhudumu aliyefunzwa, mwenye msimamizi nyuma yake. Jambo la pili: kufungua kaunta bila kufunga mlango wa kutoka na kurudi maegeshoni ni kuiga nusu tu ya mfano wa West Virginia. Jambo la tatu: fedha za bia zianze kulipia ulinzi, usafiri wa usiku na matibabu ya wanafunzi kabla hazijaenda kwingine. Na jambo la nne, ambalo ndilo kubwa: tangazo halina kaunta. Kwa hiyo hata chuo kilichoamua kuuza bia kwa watu wazima kina kila sababu ya kuziweka rangi zake, jina lake na nembo yake mbali na kopo la bia. Mtu mzima atakayetaka kununua ataiona kaunta bila ya kuonyeshwa. Anayehitaji tangazo ili aifahamu bia ni yule ambaye sheria imesema bado hajafikia umri wake, na huyo ndiye ambaye chuo kimepewa kumlea.